Betri ya Nane

Rukia mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi jikoni, kwa hiyo naziruka. Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na mimi nina kama saa tatu kabla hujarudi. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za chakula, wala za kunipigia simu ukifika. Una miaka ishirini na tatu. Mabegi yako umeyafunga mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningeyafunga mimi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe lilitokea kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole. Soma polepole.

Kesho unakwenda Karoo, kwenye nyanda kame, kutunza betri za zahanati ambayo haina umeme mwingine ila wa upepo. Unakwenda ukiamini kwamba ulipokuwa na miaka kumi na mmoja uliua betri za kiwanjani kwetu kwa pasi. Hukuziua. Nilijua siku ile ile kwamba hukuziua, nikanyamaza, na nimenyamaza miaka kumi na miwili. Sitaki upande basi ukiwa bado umeubeba mzigo huo.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana sijui kueleza kwa namna nyingine.

Kiwanja unakikumbuka. Ni kile kipande cha ardhi juu ya kilima, kusini mwa mji, ambacho watu wa Tanga na Dar walijichanga wakanunua ili watoto wapate chuo cha kusomea Kurani Jumamosi na Jumapili, na wakubwa wapate mahali pa kufanyia harusi na hitima bila jirani kuita polisi. Nguzo za umeme ziliishia barabarani, mbali. Mkulima mmoja wa Kikaburu aliyekuwa anahama alituachia mtambo wake wa upepo, mapanga matatu na mlingoti wenye kutu. Huo ndio ulituwashia taa, ukavuta maji ya kisima na kuendesha kipaza sauti na friji moja ndogo.

Fundi alikuwa Papaa Deo, Mkongomani wa Lubumbashi aliyepanga chumba cha nyuma katika nyumba yetu ya Bellevue. Unamkumbuka kwa kofia yake na kwa vile alivyokuwa akikuachia umshikie bisibisi. Alikuja kwenye kikao cha wanachama na kutuambia kwamba mtambo unataka betri nane, zote za aina moja, za umri mmoja, zilizonunuliwa siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu na kuyapigia mstari.

Halafu tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Katika harusi nyumba moja huleta mchele, nyingine sufuria, nyingine mbuzi. Tukagawana betri vilevile: nyumba nane, kila nyumba betri moja. Papaa Deo hakupenda. Alisema betri haziko kama sahani. Mwenyekiti wetu, Mzee Mbwana, akamjibu kwamba watu hawa wamezika na kuozesha pamoja kwa miaka ishirini, betri hazitawashinda. Watu wakacheka, kikao kikafungwa.

Nyumba saba zilikwenda duka moja la Fordsburg zikachukua betri zilezile alizotaja fundi. Ya kwetu ilikuwa imewekwa pembeni, mwenye duka ameiandikia jina langu kwa chaki. Uwezo wa kuichukua nilikuwa nao. Sikuichukua.

Baba yako alikuwa ametutoka miezi minne kabla. Lile pikapu lake nililiuza, lakini kabla mnunuzi hajaja nilimwomba Papaa Deo aitoe betri, nikaiweka jikoni kwenye sakafu, juu ya gazeti. Uliniuliza inafanya nini pale, nikakwambia inasubiri. Kila Jumamosi, alipokuwa hai, alikuwa akifungua boneti barabarani mbele ya nyumba na kumwaga maji ya moto yenye magadi juu ya vichwa vya betri, na kazi ya kushika birika ilikuwa yako. Ule ukungu wa kijani ukitoa povu alikuwa akikurudisha nyuma kwa mkono, bila kukuangalia, kama anavyozuia mtu asivuke robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu. Betri ile ilikuwa na miaka mitano. Alijivunia kwamba asubuhi za Julai, barafu ikiwa juu ya kioo, pikapu liliwaka mara moja tu alipogusa ufunguo, akaondoka kupeleka mikate kwenye maduka ya spaza, yale madogo ya mitaani, ya Diepsloot. Majirani zetu magari yao yalikuwa yakikohoa. La kwake halikukohoa hata siku moja.

Nilitaka kitu cha Baba yako kiwe kule juu. Watu wangesali, wangekula, wangeoza binti zao chini ya taa, na katika taa zile angekuwemo na yeye. Sina maelezo mengine.

Nikaipangusa, nikaipeleka. Papaa Deo aliinua mfuniko, akachungulia maji yake, akaangalia alama za mwaka zilizogongwa pembeni.

"Mama Rukia," akasema, "hii batri iko ya kuamsha motokari, haiko ya kubeba mzigo. Na iko muzee. Itakula benzake."

Nikamwambia aifunge.

"Mama, ule maneno si ulisikia? Uliandika weye mwenyewe."

"Ni ya Hamisi," nikamwambia.

Alichukua spana yake. Kisha akaifunga mwisho wa mstari, na mimi nikamwomba aigeuze ili ule upande wenye alama za mwaka uelekee ukutani. Nikamwomba pia asimwambie mtu. Alikuwa anaishi chumba cha nyuma cha nyumba niliyokuwa nimepanga mimi, kwa hiyo hilo halikuwa ombi la haki.

Mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililonidanganya. Ilikuwa Oktoba, upepo unavuma tangu Agosti bila kuchoka, vumbi la njano la mashimo ya dhahabu linaingia mpaka kwenye sukari. Taa zilikuwa nyeupe. Ulikuwa ukipenda kulala chali kwenye majani na kuhesabu mapanga yakizunguka mpaka yakapotea machoni. Mara mbili nilikukuta umelala hapo na usingizi umekuchukua.

Unajua kuliko mimi kilichokuwa kinatokea ndani ya kile kibanda, lakini niache nikieleze kwa namna nilivyokuja kukielewa. Betri zilizofungwa pamoja haziwezi kuachana. Ile kuukuu ilijaa upesi na kuisha upesi. Ikijaa, kidhibiti chaji kilidhani zote zimejaa, kikakata. Zile saba zikabaki njiani, nusu au zaidi ya nusu, hazifiki mwisho. Usiku ile kuukuu ikiisha, zile saba zikawa zinamwaga nguvu zao ndani yake. Betri ya madini ya risasi isiyojazwa hadi mwisho wiki baada ya wiki huota ganda gumu jeupe kwenye bamba zake, na kila siku ganda linachukua nafasi zaidi. Upepo ulipokuwa mwingi hatukuona kitu. Ulipokuja Mei na kutulia, kama unavyotulia kila mwaka juu ya nyanda hizi, hapakuwa na kitu cha kuficha hali yao.

Papaa Deo alinifuata mara mbili majira hayo. Mara ya kwanza alisema taa zizimwe mapema mpaka upepo urudi. Mara ya pili alisema tuitoe ile betri, hata kama nafasi itabaki tupu, tufunge upya hizo zilizobaki. Nilimwambia asubiri hitima ipite. Hitima ilikuwa ya Baba yako, ya mwaka mmoja. Nilitaka betri yake iwepo siku hiyo, baada ya hapo ningeitoa mwenyewe.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Juni, jua kali na baridi kali, mapanga yamesimama. Mzee Mbwana alifika na kanzu yake kwenye mfuko wa plastiki, imejikunja. Akakuita, akakupa kanzu, akakuambia umnyooshee upesi. Wewe ulikwenda chumba cha wanawake, ukachukua pasi, ukaichomeka. Taa zikafifia. Pampu ikakoroma, ikanyamaza. Wanaume walikuwa wamesimama kwenye mabomba, mikono ya kanzu imekunjwa hadi viwiko, wengine wameshatia sabuni, na maji hakuna.

Papaa Deo akafungua kibanda. Harufu ya mayai yaliyooza ikatoka mpaka uani. Ile ya nane ilikuwa imevimba na ya moto, haishikiki. Alipotoka aliniangalia mimi. Wewe hakukuangalia kabisa.

Mzee Mbwana akatokea mlangoni amevaa nusu, akauliza nani kafanya nini. Mtu akasema mtoto kachomeka pasi. Mzee akasema, "Nilimpa kanzu aninyooshee, sikumwambia anyooshe na betri." Watu walicheka sana. Walikuwa wamekuja kwenye hitima, wamekosa maji, walihitaji kucheka. Kisha wakaanza kusikitika: betri nane, jasho la watu, mtoto hakufundishwa. Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Nikasema, "Rukia, mwombe babu radhi."

Ukasema, "Nisamehe, babu. Sikujua."

Ulikuwa una tabia ya kuwajibu wazee kwa Kiingereza, na nilikuwa nakugombeza kwa hilo. Siku hiyo ulisema Kiswahili safi, kwa sauti, bila mtu kukukumbusha.

Yaliyofuata unayajua. Walikuita Dada Pasi. Watoto wa chuo walikuwa wakikuona wanaficha simu zao, wanasema eish, Dada Pasi amekuja, chomoeni chaja. Wakubwa walikuwa wanasema kwa mapenzi, au waliamini kwamba ni mapenzi. Ulivumilia miaka miwili. Ulipofika kumi na tatu ukaacha kwenda kiwanjani, na Kiswahili chako kikaanza kukauka, kwa sababu kilikuwa kinakaa kule. Nikawaambia watu kwamba masomo yamekubana.

Ukiwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, ulikuja jikoni nikiwa nakata vitunguu. Ulikuwa na karatasi mkononi, imejaa hesabu. Uliniuliza, kwa Kiingereza chako cha kufikiri, zile betri zilikuwa na umri gani. Nikajibu kwamba zilikuwa mpya zote. Ukasema, "Basi sielewi," ukarudi chumbani. Pasi moja, kwa dakika chache, haikuweza kuua betri nane mpya za miezi minane. Hesabu yako ilikuwa sawa. Niliyekupa takwimu ya uongo ni mimi.

Nimefanya kazi hii ya uandishi wa habari, ya kuuliza watu maswali, kwa miaka thelathini. Nimekaa mbele ya mawaziri na wenye migodi, na nimejifunza kumshuku anayejibu haraka. Siku ile nilijibu haraka, nikaendelea kukata vitunguu.

Siku ya hitima naweza kuieleza: nilikuwa mjane, watu wamejaa, na kusema ukweli kungekuwa kusema kwamba kitu cha marehemu ndicho kilichoharibu. Jibu la jikoni siwezi kulieleza hivyo. Lilikuwa uongo wa mtu mtulivu.

Miaka mitatu iliyopita nilitumwa kuandika habari za shule moja ya shamba kule unakokwenda wewe, au karibu na huko. Shule ina mtambo wa upepo na chumba cha betri, na mtunzaji wake alikuwa mama mmoja mtu mzima, walimwita Tanti Sara. Nilikwenda nikitarajia kuandika kuhusu mtambo. Nikaishia kumwandika yeye. Betri zake zilikuwa na umri ambao Papaa Deo asingeuamini. Nilimuuliza siri ni nini, akaniangalia kama nimeuliza siri ya kufagia. Ana daftari. Kila asubuhi anaandika upepo, chaji, na kiasi cha maji. Maji ya betri anaongeza baada ya chaji kujaa, kamwe si kabla, kwa sababu chaji hupandisha maji na yakimwagika yanakwenda na asidi. Zikifika nusu, anazima taa za ukumbi. Upepo ukikosekana siku nyingi anaomba jenereta ya jirani, si kwa ajili ya taa, ni kwa ajili ya kuzijaza hadi mwisho mara moja ili zisiote ganda.

Nilimuuliza kama watu hawalalamiki.

"Nilimzimia mchungaji katikati ya mahubiri," akasema. "Alininunia mpaka Krismasi. Lakini Krismasi alikuwa na taa."

Kisha akaniambia kwamba kilicho kigumu kuliko wanaotaka umeme ni wanaoleta zawadi. Mtu anakuja na betri ya trekta, ya marehemu babake, anataka iunganishwe kwa ajili ya watoto wa shule. Analia kabisa. Tanti Sara humshukuru, humfungia betri hiyo redio ya peke yake darasani, na redio inaimba mpaka betri inakufa, na haiui kitu kingine.

Niliacha kuandika. Akaelewa, akaniuliza betri yangu ilikufaje. Nikamwambia yote, mwanamke nisiyemjua, katika chumba chenye harufu ya asidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na mtoto anajua?" Nikasema hajui. Akachukua kitambaa chake akaendelea kupangusa. Miaka mitatu imepita tangu siku hiyo, na hiyo pia uihesabu.

Juzijuzi uliponieleza kazi yako mpya ulikuwa na furaha, ukazungumza sana kuliko kawaida. Kwamba friji ya chanjo ina betri za lithiamu, pampu na taa zina za risasi, na kwamba zile za lithiamu usiku wa baridi kali hazichajiwi mpaka chumba kipate joto, hata upepo uwe mwingi namna gani. Halafu ukasema, kama mzaha, kwamba angalau kule hakuna pasi. Ulicheka. Mimi ndipo nilipoona kwamba siwezi kukuacha uende bila kujua.

Watakuja watu na zawadi, Rukia. Utaweza kuwakatalia kuliko nilivyoweza mimi, kwa sababu wewe hufichi kitu. Lakini mtu anayeamini kwamba mkono wake unaua, kila taa ikififia huanza kwa kujishuku mwenyewe. Utapoteza saa nzima ukitafuta kosa lako wakati kosa limekaa mwisho wa mstari, limegeuziwa ukutani. Kwa kazi yako hiyo ni hatari, achilia mbali mengine.

Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nilikwenda Fordsburg. Baada ya sala wazee wetu hukaa mgahawa uleule, meza ileile, chai ya maziwa. Mzee Mbwana sasa anatembelea fimbo na anasikia kwa sikio moja, kwa hiyo nililazimika kusema kwa sauti, na meza zote zikasikia. Nikasema betri ya nane ilikuwa ya pikapu la Hamisi, nilikatazwa na fundi, nikaiweka, na pasi haikuua kitu.

Aliweka kikombe chini. Mmoja akajaribu kusema kwamba ni mambo ya zamani, Mama Rukia, yameshapita. Mzee akamnyamazisha kwa kidole.

"Ungetuambia ni ya Hamisi," akasema, "unadhani tungeikataa?"

"Msingeikataa," nikamwambia. "Mngeiweka mbele kabisa."

Akainamisha kichwa, kukubali. Kisha akauliza, "Yule mtoto nilimwita nani vile?" Alijua. Nikamkumbusha. Akauliza yuko wapi, nikamwambia anaondoka, na ni saa ngapi. Nilipokuwa natoka alinishika mkono akasema atakuja stesheni.

Kwa hiyo kesho, ukifika Park Station, utamkuta mzee amesimama karibu na basi lako, amevaa kanzu. Amekuja kukuomba radhi mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo ilipotokea. Heshima yako itataka kumkatiza, umwambie hapana, babu, yameisha. Usimkatize. Mwache amalize. Halafu nitasema ya kwangu, kwa mdomo na kwa sauti, si kwa karatasi.

Huna deni la kutujibu, yeye wala mimi. Unaweza kupanda basi bila neno. Na kama hutaki kabisa tuwepo, niambie asubuhi neno moja, nitampigia abaki nyumbani, nami nitabaki. Sitauliza kwa nini. Barua hii naiweka juu ya begi lako dogo, ili uisome leo wakati bado unaweza kuamua.

Mama yako,
niliyeiweka